Tyuna ya mkononi kwenye STI ya Japani, hapa Malindi: niweke ramani gani?

KijanaWaMaweni:
Salamu aleikum mabingwa. Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya 2010, bodi ya GRB, imekuja moja kwa moja kutoka Japani, injini ya lita 2.0. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Nairobi, na kompyuta ya injini iliguswa hukohuko. Ekzosi imebadilishwa yote kuanzia kwenye turbo hadi nyuma. Sasa gari linaishi Malindi.

Nimepata Cobb Accessport, kifaa cha kupakia ramani (mipangilio ya mafuta, cheche na turbo) kwenye kompyuta ya injini, cha mkono wa pili kilichotoka Marekani. Ndani mna ramani za Stage 1 na Stage 2, za oktani 91 na 93. Je, 93 ya Marekani ndiyo 93 ya pampu za huku? Nikipakia Stage 2, kwa kuwa ekzosi tayari ipo, kuna hatari gani? Na nikishapakia nitazame namba zipi? Jambo jingine: nikikanyaga mafuta kwenye gia ya nne chini ya mizunguko 3,000, nasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo.

FundiWaSabaki:
Aleikum salam ndugu. Usipakie chochote kwanza. Hizo kokoto ndizo noki zenyewe: sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta inajilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na pistoni inapigwa. Kwenye injini za EJ za turbo, kinachovunjika mwanzo ni kingo za pistoni zinazoshika ringi. Hapo ni kushusha injini.

Ramani za Marekani ziache kabisa. STI ya Marekani ya miaka hiyo ina EJ257 ya lita 2.5. Yako ni EJ207 ya lita 2.0, turbo yake ni ya njia mbili, na inazunguka hadi 8,000. Hesabu ya hewa, timingi (wakati wa plagi kutoa cheche) na busti (presha ya ziada ya turbo) ni tofauti toka mwanzo hadi mwisho. Jina la Stage 2 linasema tu kwamba ramani inategemea ekzosi iliyofunguliwa, halisemi kwamba inafaa kila injini yenye ekzosi hiyo.

Kuhusu oktani: Marekani wanaandika wastani wa RON na MON, vipimo viwili vya oktani, sisi tunatumia RON peke yake. Kwa hiyo 91 yao ni kama RON 95 au 96, na 93 yao ni kama RON 98. Ukiweka ramani ya 93 kwa kuwa namba zimefanana, umeipa injini timingi ya mafuta ambayo hayamo kwenye tangi. Tena hata ramani ya kiwandani ya gari lako ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo huuzwa kama RON 100. STI ya Japani inayokunywa super ya kawaida ya huku inaweza kugonga hata kama haijawahi kuguswa na mtu.

Usidanganyike na chupa za kuongeza oktani. Ikiandikwa "pointi 5", mara nyingi maana yake ni nusu ya oktani, yaani 0.5. Na zile zenye manganizi huacha unga mwekundu kwenye plagi na sensa ya oksijeni.

Kifaa chenyewe: Accessport hufungwa na gari moja tu. Kama haikuondolewa kwenye gari la kwanza kwa utaratibu wake, kwako haitafanya kazi, na hilo muulize aliyekuuzia kabla hujahangaika. Kisha soma namba ya programu ya kompyuta yako uilinganishe na orodha ya magari ambayo toleo la kifaa chako linayatambua. Magari ya soko la Japani mengi hayamo. Kikikataa, usilazimishe.

BustiNaBahari:
Naongezea jambo ambalo watu wa pwani tunalisahau. Gari hili lilirekebishwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako presha ya hewa ni kama bari 0.83. Malindi ni bari 1.01. Tuseme geji inaonyesha busti ya bari 1 kote kuwili: Nairobi injini inapata 1.83, hapa inapata 2.01. Hiyo ni hewa zaidi kwa asilimia 10 hivi, mapafu ya injini yamejaa kuliko siku ile alipokaa nayo fundi. Zile sehemu za juu za ramani, za mzigo mkubwa, kule hazikufikiwa hata mara moja. Aliyeandika timingi pale alikisia, au aliziacha kama zilivyo.

Kuna na westigeti, vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo ili busti isizidi. Juu kule turbo inahangaika kufikia lengo, basi fundi huongeza asilimia ya solenoidi inayoiongoza westigeti. Ukishuka nayo pwani, asilimia ileile inazidisha busti, hasa ekzosi ikiwa wazi namna hiyo. Ndiyo maana sishangai kusikia kokoto.

Kabla ya ramani yoyote fanya haya: pima kompresheni ya silinda zote nne, tofauti isizidi asilimia 10. Toa plagi, uwazi uwe milimita 0.7 hadi 0.75, na utazame kaure kama ina vidoti vya kung'aa, dalili kwamba noki imeshaanza kumega alumini. Jaza hewa kwenye njia ya turbo hadi bari 1 ukiwa umeziba mdomo wa filta, usikilize hosi za intakula (kipoza hewa ya turbo). Kama kuna filta ya hewa isiyo ya kiwandani, angalia kipenyo cha bomba lenye sensa ya hewa. Likipanuka, kompyuta inahesabu hewa pungufu na mchanganyiko unakuwa mwembamba. Filta za kupaka mafuta nazichukia kwa hali ya huku: vumbi la chokaa na mafuta vikishika waya wa sensa, kila namba unayosoma ni uongo.

KijanaWaMaweni:
Ahsanteni sana. Kwa hiyo Accessport ni ya kuweka kando? Na kama kompyuta imeshaguswa, nitajuaje mna nini ndani?

FundiWaSabaki:
Ikikubali gari, itumie kama geji kwanza, ni nzuri sana kwa hilo. Ikikataa, njia ya STI za Japani ni kebo ya Tactrix Openport 2.0 na laptopu: EcuFlash ya kusoma na kuandika, RomRaider ya kurekodi na kuhariri. Kebo za kuiga ziogope. Ikikatika katikati ya kuandika, kompyuta ya injini inaweza kufa. Soma kilichomo, hifadhi faili hilo mahali pawili, halafu mpelekee fundi wa ramani. Kama mwenyewe wa kwanza alitumia Accessport yake na hakuiondoa, inabidi atafutwe.

Wakati wa kuandika: betri ya volti 12.5 au zaidi, chaja imeunganishwa, feni, redio na taa vimezimwa, mlango usifunguliwe na kufungwa. Safisha kwanza waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi. Chumvi ya bahari inaota pale na volti inashuka bila wewe kuona.

Namba za kutazama ni tatu. DAM, alama ya jinsi kompyuta inavyoiamini timingi na mafuta, iwe 1.000. Ukifuta kumbukumbu, kwenye programu nyingi huanzia nusu na kupanda yenyewe. Ikikaa chini ya 1, kompyuta imeshakubali kwamba mafuta au ramani havifai. FKC ni noki ya sasa hivi, kwa digrii za timingi zinazopunguzwa: −1.4 mara mojamoja ukigusa mafuta kidogo si msiba, lakini ukiwa umekanyaga hadi chini inatakiwa iwe 0, na ikifika −2.8 toa mguu. FKL ni ile iliyokwisha kukaririwa kwa kila eneo la mizunguko na mzigo. Ikirudia hasi sehemu ileile, hapo ndipo ramani inapotakiwa kupunguzwa. Ongeza joto la hewa inayoingia, busti, na masahihisho ya mafuta, ambayo yakipita asilimia 8 kwenda juu au chini kuna hewa inavuja au sensa ni chafu. Mchanganyiko wakati wa mzigo mkubwa usiusome kwa sensa ya kiwandani, haioni vizuri chini ya uwiano wa 11.1 wa hewa kwa petroli. Funga sensa pana (wideband) kwenye bomba la ekzosi.

BustiNaBahari:
Kurekodi: gia ya tatu kutoka 2,500 hadi 5,000 inatosha kuonyesha ugonjwa. Kuanzia hapo hadi 8,000 nenda kwenye daino (mashine ya kupima gari likikimbia papo hapo), barabara ya Kilifi ina bodaboda na mbuzi. Rekodi saa nane mchana, gari limeshatembea nusu saa. Alfajiri kila ramani inapendeza. Na ikiwa fundi atakurekebishia Julai wakati wa kusi, mrudishie rekodi mpya kaskazi ikiingia, kabla hujaamini kwamba imekaa.

KijanaWaMaweni:
Na hadi hapo nitaendeshaje?

FundiWaSabaki:
Jaza petroli ya oktani ya juu kabisa unayoipata, tangi likiwa karibu tupu ili isichanganyike sana. Kwenye gia ya nne na kwenda juu usikanyage chini ya 3,000, shusha gia. Ea-kondisheni na foleni vikishapasha intakula, subiri gari litembee dakika chache kabla hujaomba busti. Ukisikia kokoto hata baada ya hayo, chomoa ufunguo, ipande lori la kubebea.

BustiNaBahari:
Lori la kubeba gari zima, si la kuinua magurudumu mawili. Kuvuta gari la 4WD magurudumu mawili yakiwa chini kunaweza kuchoma difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.