Mjadala: Kufunga mipaka mwaka 2020 kuliigharimu nini Afrika Mashariki?

Mwenye mada

Kila tunapozungumzia uchumi wa enzi ya korona, hakupiti muda kabla mtu hajatoa tarakimu mbili na kuhesabu kwamba kesi imekwisha: mwaka 2020 uchumi wa Kenya ulisinyaa kwa asilimia 0.3, ilhali wa Tanzania, kwa takwimu rasmi, ulikua kwa asilimia 4.8. Aliyefunga akaumia, asiyefunga akapona. Naomba tuijadili hoja hiyo kwa utulivu, kwa kuwa naona inachanganya mambo mawili: amri za kuwazuia watu ndani ya nchi, na namna serikali zetu zilivyoshughulikia mpaka. Msimamo wangu ni kwamba hili la pili ndilo lililotuumiza kama ukanda, na ndilo lililoweza kuepukika.

Tuanze na hizo tarakimu. Kenya ilifunga shule Machi 2020, ikaweka kafyu kuanzia tarehe 27 mwezi huo, na Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Hoteli na migahawa zikapoteza karibu nusu ya shughuli zao, na elimu, ambayo katika hesabu za pato la taifa ni huduma kama huduma nyingine, ikashuka vilevile. Kilimo hakikushuka, kilikua. Upande wa Tanzania, ambako hapakuwa na kafyu na shule zilirejea Juni, dhahabu ilikuwa ikiuzwa kwa bei nzuri mno, hata Agosti ikavuka dola 2,000 kwa wakia. Bei hiyo haikuletwa na uamuzi wa kutofunga. Na watalii je? Kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 walishuka hadi kama 620,000, ingawa anga ilikuwa imefunguliwa tangu Mei. Mwenyeji hakufunga mlango, lakini mgeni alikuwa amefungiwa kwao, na hasara ikamfuata mwenye hoteli hadi Nungwi.

Sasa mpakani. Mimi ni wakala wa forodha Namanga, na Mei ile nilikuwa kazini. Tarehe 16 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa wasafiri, ikaruhusu mizigo kwa sharti kwamba dereva apimwe na asikutwe na virusi. Kwenye karatasi, biashara haikuguswa. Lakini mzigo haujiendeshi; dereva anapokaa kusubiri majibu, nyanya nazo zinasubiri pamoja naye. Siku mbili baadaye upande wa pili nao ukaanza kuyazuia malori kutoka Kenya, baada ya viongozi wa Arusha kudai kwamba madereva waliotangazwa na Kenya kuwa na virusi walipimwa upya wakakutwa hawana. Kwa hiyo tulikuwa na vipimo viwili na majibu mawili, na hakuna aliyekuwa tayari kupokea karatasi ya mwenzake.

Ninakumbuka lori moja la vitunguu vya Mang'ola lililokuwa likienda Nairobi. Siku ya nne dereva na utingo wake walifungua turubai, wakaanza kuchambua magunia ya juu kando ya barabara, vilivyolowa huku, vilivyokwisha kuchipua kule, na vilivyobaki wakawa wanawauzia wakazi kwa debe kwa bei ya kutupa, ili wapate hela ya chakula. Mwenye mzigo alikuwa Karatu akipiga simu kila saa. Nyaraka zake za forodha zilikuwa kamili, nilizishughulikia mwenyewe. Mawaziri walipokutana hapa Namanga katika wiki hiyo na kukubaliana kwamba dereva apimwe nchini mwake kabla ya kuondoka, na cheti chake kitambuliwe kwa siku 14, ndipo injini zilipoanza kuwashwa tena. Ugonjwa ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kukubali cheti cha jirani, jambo ambalo lingewezekana tangu Machi.

Wala hatukujifunza haraka: Agosti ilianza kwa ndege za shirika la Kenya kuzuiwa kutua Tanzania, kwa sababu tu nchi hiyo haikuwamo katika orodha ya Kenya ya wasafiri wasiohitaji karantini, na zuio hilo liliondolewa Septemba, baada ya orodha kurekebishwa.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwenye mada, nakubaliana nawe kuhusu vyeti, ila nadhani umeipa afya nafasi ndogo mno. Mimi niko Malaba. Aprili na Mei 2020 sehemu kubwa ya wagonjwa waliogunduliwa Uganda walikuwa madereva wa malori, na walipatikana kwa sababu walipimwa mpakani. Ni kweli kwamba sampuli zilikuwa zikipelekwa Entebbe, na foleni upande wa Kenya ilifika makumi ya kilomita. Madereva walilala chini ya malori yao mvua ikinyesha, na hilo sitalitetea. Hata hivyo, Uganda ilitangaza kifo chake cha kwanza cha korona mwishoni mwa Julai, wakati majirani walikuwa wamekwisha kuzika wengi. Ungemwambia nini waziri wa afya wakati huo, kwamba ayaachie malori yapite kwa kuwa vitunguu vinaoza?

Mwenye mada

Ningemwambia aendelee kupima, na wala sijasema vinginevyo. Gharama ninayoilalamikia ni ile ya kumpima mtu mmoja mara mbili katika umbali wa mita mia mbili.

Mchangiaji wa tatu

Shikamooni kaka zangu. Nimewasoma wote wawili kwa makini, na naona mnazungumzia malori tu. Mimi nilikuwa nikinunua mchele upande wa Tanzania na kuuvusha Namanga kilo hamsini hamsini, na tulikuwa wanawake wengi tunaofanya hivyo. Amri ilisema mizigo ipite na wasafiri wasipite. Sisi tulikuwa nini? Gunia langu halikuwa mzigo kwa sababu halikuwa ndani ya lori, na mimi sikuwa dereva wa kupewa cheti. Wenzangu wengine walihamia njia za panya usiku, ambako bodaboda alikuwa akitaka nauli yake, na aliyekukamata naye akitaka chake, mpaka faida ya gunia ikaisha kabla halijafika dukani. Mimi niliogopa. Tulichanga watu sita tukawa tunamwagiza mwenye lori atuletee, naye akawa anapeleka moja kwa moja kwa wateja wetu, kwa kuwa ndiye aliyeruhusiwa kuvuka.

Cheti cha siku 14 mnachokisifu kilimfungulia yeye. Mpaka ulipofunguliwa kwetu tunaotembea kwa miguu, wateja wangu wawili wakubwa walikuwa na namba yake ya simu, na mpaka leo wananunua kwake.