Naombeni ushauri: pasi ya nywele inanimalizia nywele za mbele
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana nywele zangu zinanitia huzuni kweli. Nina pasi ya bamba za seramiki, naipenda sana inateleza vizuri haivuti, ila ina joto moja tu la nyuzi 230 huwezi kupunguza, na mi nywele zangu ni za asili, nyembamba mno pale mbele. Juzi nimeosha nikanyoosha harakaharaka kumbe kwenye mizizi bado kuna unyevu, nikasikia chwiii, harufu ya kuungua, kuja kuchana nywele za urefu wa kidole zimebaki kwenye chanuo. Nililia jamani.

Najua nywele nyembamba nyuzi 150 mpaka 180 zinatosha, na unapaka kwanza kinga ya joto. Sasa ninunue pasi ya kurekebisha joto au niachane nayo kabisa nibaki na draya yenye chanuo? Na hizi zilizokatika nipunguze ncha ama nisuke tu zipumzike? Mliopitia hili nielezeni mlifanyaje, na zilichukua muda gani kurudi.