Tupeane uzoefu: filamu ya polepole iliyokushinda, au iliyokukalisha mpaka mwisho

Mwana Kamalondo
Jana usiku hapa Lubumbashi, kwenye lupango, yaani ua, la jirani, walitundika shuka jeupe, wakatuonyesha *Makala* (makaa, kwa Kiswahili chetu), ile ya Mfaransa Emmanuel Gras ya mwaka 2017. Wengi humu mmeiona. Kama si yote basi nusu, maana kwenye nusu ndipo watu huanza kukumbuka kwamba wana shughuli nyumbani. Kabwita, kijana wa kijijini upande wa Kolwezi, anaangusha mti mkubwa, anauchoma chini ya udongo, anapakia magunia kwenye baiskeli, kisha anasukuma kama kilomita 50 hadi mjini. Basi. Hakuna msimulizi, hakuna anayehojiwa, kamera imeng'ang'ania mgongo wake. Pale kwenye mti, anapiga shoka, anapiga, anapiga tu, benchi la nyuma likabaki tupu. Lakini mafundi baiskeli wa pale kona walikaa hadi ile ibada ya mwisho, na chupa zao za bia ya Simba zikapata joto mkononi.
Wewe ulikaa au ulitoka? Ilikuwaje?

Chomba wa Ruashi
Mi nilitoka. Bantu ya makala banapita ku mulango yetu kila asubui, na hakuna mwenye kuniomba tiketi. Sasa nikae paka naangalia mugongo ya muntu? Ile mechi ya 2010 Mazembe yetu ilipopigwa 3-0 na Inter Milan ilikuwa na furaha kuliko ile.

Mama Mbabula
😂😂 Chomba, Inter usiitaje humu, kuna watu hawajapona.

Wa Kassapa
Ndiyo namna yenyewe ya sinema hiyo, jamani. Mti ukianguka kwa sekunde tatu, mtazamaji ataamini kwamba mti huanguka kwa sekunde tatu, kesho ataenda sokoni kulalamika gunia ni ghali. Mtengeneza filamu anakuachia muda wote ili ukuchoshe wewe pia. Na hii mnayoilalamikia ni dakika 96 tu. Chantal Akerman alitengeneza *Jeanne Dielman* mwaka 1975 akiwa na miaka 24, dakika 201, siku tatu za mjane wa Brussels: anamenya viazi, anatandika kitanda, anaosha vyombo. Mwaka 2022 wakosoaji waliopigiwa simu na jarida la *Sight and Sound* waliiweka namba moja kuliko filamu zote duniani.

Mwana Kamalondo
Waliopigiwa simu au waliopiga kura?

Wa Kassapa
Kura, kura. Vidole.

Chomba wa Ruashi
Dakika 201 za viazi! Mubelgiji alitutawala miaka yote ile, sasa anataka tumusaidie na kumenya.

Petit Kipushi
Nakubaliana na Chomba.

Dada wa Katuba
Mimi nilikaa, ila kwa hasira. Kila barabara inapopanda nilikuwa najiuliza: huyu mwenye kamera ana mikono miwili, kwa nini hasaidii kusukuma? Jasho linamtoka Kabwita, halafu tuzo inaenda Ufaransa. Walipewa Grand Prix ya Wiki ya Wakosoaji kule Cannes. Magunia je, nani alipewa?

Wa Kassapa
Angesukuma ungesema anaigiza.

Dada wa Katuba
Ningesema ana adabu.

Fundi Kinga
Dada ana haki. Lakini fikiria hivi: wangapi kati yetu tumewahi kumtazama mtu mmoja wa makala kwa dakika 96? Mimi ni fundi wao, wananiletea rimu zilizopinda, natazama rimu. Sura siijui.

Petit Kipushi
Halafu msiichukue kama filamu yetu. Ile ni Kolwezi, ile ni Lualaba. Sisi ni Haut-Katanga.

Mzee wa Reli
Mtoto, kabla ya 2015 yote ilikuwa Katanga, na ile misitu ya miombo haikusoma amri ya kugawa majimbo. Moshi ni ule ule. Ukitaka kuhakikisha, panda barabara ya Kasenga alfajiri, utawakuta wamejipanga ukingoni na mizigo yao, wengine wamelala wima wakiegemea magunia.

Petit Kipushi
Sawa mukubwa.

Mke wa Mtu
Sijawahi kuandika humu, ila hii imenigusa pabaya, acheni niseme yote.

Mimi na mume wangu tulialikwa kuiona filamu hii kwenye ukumbi mmoja wa mjini, zamani kidogo. Mume wangu ni mtu wa ofisi. Suruali yake hata ya Jumamosi lazima ipigwe pasi. Kuhusu ujana wake najua alichoniambia: alikuwa "kwenye biashara" na mjomba wake. Biashara gani, hakusema, na wakwe nao hawakusema.

Filamu ikaanza. Kwenye mti alikuwa ametulia, mimi ndiye niliyekuwa napiga miayo. Kwenye udongo, wakati wa kufunika tanuru, akaanza kusogea mbele kwenye kiti. Baiskeli ilipoingia barabarani nikaona hamtazami Kabwita. Anatazama magurudumu. Mkono wake umeshika kiti cha mbele na mwenye kiti anageuka kumwangalia. Mimi namfinya, wapi!

Njia ilipoanza kupanda, mume wangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba tuko sebuleni: "Usisimame hapo." Watu wakacheka. Akasimama. "Usisimame hapo! Ukisimama hapo huiondoi tena!" Ukumbi mzima ukacheka, kuna papa mmoja, mzee wa mbele mwenye kofia, alicheka hadi akakohoa. Mume wangu akamwinamia: "Wewe papa, uliwahi kushika ile fimbo wewe?" Kisha akatoka, akinikanyaga mguu.

Nikabaki na aibu yangu na mkoba wake. Nilipotoka nilimkuta getini na mlinzi. Amechukua baiskeli ya yule mlinzi na mpini wa ufagio, ameinama na tai yake shingoni, anaonyesha. Gunia zito linakaa chini, ubavuni, jepesi juu. Fimbo inafungwa kwenye usukani, inarudi nyuma, ili mtu asukume kwa kifua na mkono mmoja bado unaongoza. Kamba ni ya mpira wa tairi la ndani, si nailoni, kwa sababu mzigo ukianza kucheza nailoni inaachia. Akavuta kola akamwonyesha mlinzi kitu hapa begani. Lile kovu mimi aliniambia ni la mpira wa miguu.

Tukarudi. Akala bukari, akasifu sombe, akalala. Hajasema kitu hadi leo. Ila tangu siku ile, mtu wa makala akija nyumbani bwana huyu hapunguzi bei. Anatajiwa, analipa, anaongeza na ya maji. Na pesa ya makala ni mimi ninayeitoa!

Nimwulize au nimwache?

Fundi Kinga
Mama, huyo alisukuma, tena si mara moja. Habari ya mpira na nailoni huisomi ofisini.

Mama Mbabula
Uuuwi. Mwache kabisa. Mwanaume akikuficha jasho lake, ukilifunua anabaki uchi.

Chomba wa Ruashi
Mwache wapi? Muulize leo leo! Mwenye kuficha makala, anaficha na nini ingine? Pengine kuko na bibi ingine kule ku pori.

Mama Mbabula
Chomba, wewe filamu imekushinda, ndoa ya watu utaiweza?

Chomba wa Ruashi
Mi nasema kile minaona.

Mzee wa Reli
Mama, usimwulize mezani wala kitandani. Mpe kazi ya mikono, atengeneze mlango wa kuku, kisha kaa karibu ukimshikia misumari. Atasema mwenyewe. Na hiyo bei mwache alipe. Mjomba aliyemfundisha pengine hakumpunguzia.

Dada wa Katuba
Mimi ningemuuliza waziwazi, nimtoe hofu. Kusukuma makala si wizi.

Petit Kipushi
Lakini yule papa wa kofia alijibu nini?

Mke wa Mtu
Alinyamaza. Ila nilisikia akiuliza jirani yake, "Fimbo gani?"

Wa Kassapa
Naomba turudi kwenye filamu. Hakuna aliyesema neno juu ya ile selo. Muziki mzima ni selo, na inaingia pale ambapo mwili umeshachoka, ndipo…

Fundi Kinga
Selo ndiyo kitu pekee kilichotaka kunitoa. Spoki zilikuwa zinalia vizuri, rimu inalalamika, unajua kabisa beringi ya nyuma imekufa. Halafu mtu analeta fidla juu yake.

Wa Kassapa
Si fidla.

Fundi Kinga
Fidla kubwa basi.

Mwana Kamalondo
Wa Kassapa, samahani, mada imeshaibiwa. Mama, yule mlinzi alisemaje?

Mke wa Mtu
Alimwita mume wangu "mukubwa", na sasa tukipita pale anamsalimia yeye tu.

Dada wa Katuba
Kwa wasioiona bado: kuleni kwanza, njaa na filamu ya kimya haviendi pamoja.

Mzee wa Reli
Msile. Aliyeshiba analala kwenye shoka la kwanza, mimi ni shahidi wa ukoo mzima. Kaeni mbele, kwenye kiti kibaya.

Mama Mbabula
Na msiende na mume.

Petit Kipushi
Nani anayo kwenye flashi? Nataka kuanzia pale barabarani, mti nautoa.

Fundi Kinga
Bila mti unasukuma nini, mwanetu?

Petit Kipushi
Nimeuliza flashi, sikuuliza swali.

Mwana Kamalondo
Njoo Kamalondo jioni, umeme ukiwepo. Flashi yako iwe na nafasi, usije na ile iliyojaa mahubiri kama mara ile.