Bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi wa chuo) halifiki siku 60: geto la watu wawili, tupike nini na kwa moto gani?

Mpangaji_Changanyikeni:
Wakuu, habari za jioni. Tuko wawili, mwaka wa pili, tumepanga chumba kimoja Changanyikeni, Dar. Kila mmoja anapata Sh 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, na inaingia ya siku 60 kwa mkupuo. Kodi imeshalipwa, kwa hiyo hapo tunazungumzia kula, moto, nauli na bando tu. Bado wiki ya sita hali inakuwa mbaya.

Mchana ni ugali maharage Sh 2,000 au wali nyama Sh 3,000 kwa mama ntilie, usiku mara nyingi chipsi. Tukijaribu kupika, mkaa wa kopo la Sh 2,000 haufiki siku ya tatu, maana maharage peke yake yanaumaliza. Tuna mtungi wa gesi wa kilo 6 tunaouogopa kuutumia kwa sababu kuujaza ni Sh 24,000. Hatuna friji. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) tunachangia na wapangaji wengine. Naomba hesabu, siyo "mjibane tu".

Jiko_na_Mizani:
Mkuu, anza na moto, kwa sababu ndio unaowakimbiza kwenye chipsi.

Jiko dogo linalokaa juu ya mtungi wa kilo 6, likiwashwa moto mkubwa, linakula kama gramu 150 kwa saa. Maana yake mtungi mzima ni saa 40 za moto mkubwa, na kwa bei yenu kila saa ni Sh 600. Sasa angalia maharage. Ukiyabandika makavu yatachemka saa mbili, hiyo ni Sh 1,200 kwa sufuria moja. Ukiyaloweka tangu usiku, kwa muda wa saa 8 hadi 12, ukamwaga maji, ukachemsha moto mkubwa dakika 15, kisha ukapunguza moto hadi theluthi na kufunika vizuri kwa dakika 50, unatumia karibu gramu 80. Hiyo ni Sh 320. Maharage ni yaleyale.

Yakigoma kuiva hata baada ya kuloweka, sababu huwa mbili. Ya kwanza ni maharage ya zamani yaliyokaa sana kwenye joto. Hayo ngozi yake imefifia rangi na yanabaki na kiini kigumu hata uchemshe vipi. Nunua robo kwanza, jaribu, ndipo urudi kuchukua kilo tano kwa muuzaji huyohuyo. Ya pili ni nyanya au limao kuingia mapema. Uchachu unazuia ganda kulainika, kwa hiyo nyanya ziingie maharage yakiwa yameshaiva. Magadi yanaharakisha kweli, ila yanaua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni yakizidi. Kama mmeloweka, hamyahitaji.

Kuna watu wanayamwaga maharage ya moto kwenye chupa ya chai au kapu la kuhifadhi joto ili yajipike yenyewe. Inawezekana, lakini lazima yachemke kwanza kwa nguvu angalau dakika 10 jikoni. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayovunjwa na mchemko wenyewe, na joto la chini ya hapo halitoshi. Matokeo yake ni kutapika na kuharisha ndani ya saa chache.

Mkaa kwenye chumba cha kulala, hapana kabisa. Hewa yake ya sumu haina harufu. Gesi nayo ikivuja inashuka sakafuni, kwa hiyo pikieni karibu na mlango ulio wazi na mpake povu la sabuni kwenye kiungio kila mnapobadilisha mtungi. Mkiona mapovu yanavimba, msiwashe.

Mnapoujaza, dai upimwe mbele yenu. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, ongeza kilo 6, mizani isome hapo.

Uniti_Kwa_Uniti:
Naongezea upande wa umeme, kwa kuwa wengi wanaukimbia bila kupiga hesabu.

Nyumba ya wapangaji wengi huwa inapita uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo haiko kwenye ile bei nafuu ya Sh 100 kabla ya kodi. Mko kwenye bei ya kawaida, Sh 356 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo. Jiko la koili la wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja, yaani Sh 356. Maharage ya saa mbili yanakula zaidi ya Sh 700, na hapo ndipo mwenye nyumba anapoanza kelele. Ila presha kuka ya umeme ya wati hizohizo inajizima na kujiwasha. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa takriban nusu uniti, chini ya Sh 180. Tatizo si umeme, ni moto unaopotelea hewani kwenye koili.

Kabla hamjanunua, ongeeni na wenzenu wa LUKU. Pendekezeni mita ndogo ya chumba, fundi anaifunga haraka, kila mtu analipa alichotumia. Bila hiyo mtagombana hata mkitumia kidogo. Pia msichomeke presha kuka kwenye ekstensheni ya waya mwembamba. Shika waya baada ya dakika kumi: ukiwa na joto, uondoe, siku moja utayeyuka.

Na msishtuke mkinunua umeme mara ya kwanza mwezini uniti zikaja pungufu. Kodi ya jengo inakatwa hapo.

Tandale_Jumamosi:
Moto umeshasemwa, mimi nazungumzia gunia.

Ugali wa mtu mmoja mwenye njaa ni gramu 250 za unga, wali ni gramu 200 za mchele. Mkipokezana usiku mmoja ugali mmoja wali, kwa siku 60 mnahitaji unga kilo 15 na mchele kilo 12. Maharage nusu kilo makavu yanatoa sahani sita, na mkichemsha mara tatu kwa wiki mtamaliza kilo 13. Mafuta lita nne na kidogo. Hizo ndizo namba za kwenda nazo sokoni siku bumu likiingia, kabla hamjanunua kitu kingine chochote.

Nafaka nendeni Tandale Jumamosi asubuhi, mpeleke madumu yenu ya mafuta pia. Dukani mtaani ulizeni jambo moja: vipimo vingapi vya mafuta vinajaza lita? Zidisheni kwa bei ya kipimo mtaona mnalipa lita moja kwa bei gani. Fanyeni hivyohivyo kwa sukari ya robo na sabuni ya pakiti ndogo.

Msinunue dona ya miezi miwili. Ile ina kiini cha mahindi chenye mafuta, ikikaa kwenye joto la Dar inachacha na kuwa chungu. Nunueni ya wiki mbili mbili, au chukueni sembe. Mchele uanikwe juani, upoe kabisa, ndipo uingie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukiufunika ungali wa moto unatoa jasho na kuvunda.

Dagaa wa Mwanza ndio kitoweo cha bei nafuu chenye nguvu. Chagua wanaokatika kwa mlio ukiwakunja. Wanaopinda wana unyevu, wataota ukungu. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara tatu hadi mchanga uishe, kausha kwenye sufuria bila mafuta, weka kwenye kopo kavu.

Mpangaji_Changanyikeni:
Nashukuru sana wakuu. Swali moja: bila friji, maharage ya sahani sita si yatachacha kesho yake?

Jiko_na_Mizani:
Yanachacha yakishaungwa, hasa yakiwa na nazi. Chemsha yote kwa maji matupu na chumvi, kisha chota ya mlo huo tu ndio uunge. Yanayobaki yachemshwe hadi yatokote asubuhi na jioni, dakika tano kila mara, yafunikwe na yasiguswe tena na kijiko kilichotiwa mdomoni. Hivyo yanafika siku ya pili bila shida. Ukiona povu jembamba au harufu ya kuchachuka, mwaga, kuyachemsha tena hakuyaokoi.

Bajeti_ya_Wiki:
Chakula kikishanunuliwa, hela iliyobaki igawanyeni kwa wiki nane na nusu, kila mmoja kwenye laini yake. Makato ya kutoa kwa wakala yanapanda kwa ngazi, kwa hiyo kutoa Sh 10,000 mara tano kunakugharimu zaidi ya kutoa Sh 50,000 mara moja. Toeni ya wiki nzima Jumatatu.

Bando la wiki, siyo la siku, na kwenye simu zimeni programu zinazojisasisha zenyewe. Video za mihadhara pakueni kwa waifai ya chuo. Notisi zitoeni kurasa mbili kwa upande, karatasi pande zote mbili: kurasa 40 zinaingia kwenye karatasi 10. Muulizeni mwenye steshenari kwanza kama anatoza kwa karatasi au kwa upande, kwa sababu akitoza kwa upande mtalipia pande 20, siyo karatasi 10.

Mchana msirudi geto kula kama inabidi kupanda daladala, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote. Bebeni chakula kwenye kontena, wali uliopikwa asubuhi hiyohiyo, na maharage kwenye kontena lake.