Natafuta mwalimu wa dramu kwa mtoto anayeanza, Moshi

Mama_Kiborloni
Habari za jioni wakuu. Nina kijana wa miaka 11. Tangu mwaka jana kila kitu nyumbani ni ngoma: ndoo, sufuria, meza, hadi mgongo wa mdogo wake. Kanisani hukaa upande wa mpiga dramu, macho hayabanduki. Nikampeleka kwa kijana mmoja ambaye mkono wake unasifiwa mjini. Mwezi mzima mwanangu alikuwa mtazamaji. Mwalimu anapiga dakika 40, kisha anamwambia "haya, fanya hivyo", na mtoto akikosea anaambiwa hana kipaji. Siku moja alirudi akasukumia stiki zake chini ya kitanda. Hii ni wiki ya tatu hajazigusa, na inaniuma mno. Nitamjuaje mwalimu wa kweli? Na aanze na dramu za bendi au ngoma zetu?

Fundi_Stiki
Pole mama. Kupiga ni kazi moja, kufundisha ni nyingine. Kabla hujatoa hela, omba ukae kwenye kipindi cha mwanafunzi mwingine uangalie nani anapiga muda mrefu zaidi. Akiwa mwalimu, aga uondoke.

Anayeanza hahitaji hata seti nzima ya dramu. Wiki za mwanzo ni kushika stiki bila kuikaba, kuiacha iruke yenyewe ikigonga, kulia na kushoto zitoe sauti moja. Halafu mapigo mawili mawili kila mkono. Halafu ile wanayoiita paradido: kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto. Polepole, mapigo 60 kwa dakika, na metronomu (programu inayogonga "tik tik" kuhesabu mapigo) ya bure kwenye simu. Kipande cha tairi juu ya ubao kinatosha kupigia, na majirani watalala.

Mjukuu_wa_Mgogo
Mimi nasema ngoma kwanza. Kwetu Dodoma muheme hupigwa na akina mama, ngoma imebanwa mapajani, huku wanaimba. Huko mtoto hujifunza kwa mwili mzima: anaimba, anacheza, ndipo anapiga. Midundo yetu mingi mkono mmoja unakwenda mbili na mwingine tatu kwa wakati uleule. Akiizoea mapema, seti haitamtisha. Tena ataona ngozi inavyoota moto kabla ya kupigwa, na kusikia sauti inavyopanda kadiri inavyokaza. Sikio linafundwa pale.

Fundi_Stiki
Sikatai, ndugu yangu. Ila kijana anatamani dramu za kanisani. Ukimnyima kabisa anachokitamani atakata tamaa mara ya pili. Avichanganye.

Njia_ya_Usa
Dada, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, wana shahada ya muziki. Nenda kitengo cha muziki uulizie mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayepokea watoto. Arusha ulizia pia waliopita TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo, maana ngoma za makabila ndiko zinakofundishwa. Lakini cheti kisikufumbe macho, kipindi ukakiangalie bado.

Na masikio yake! Seti ndani ya chumba kidogo huvuka desibeli 100. Mwalimu asiyetaja vizibo vya masikio simwamini.

Mama_Kiborloni
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Leo nimepitia kwa fundi baiskeli, akanikatia kipande cha tairi, nikakigongomea ubaoni. Nimekiweka mezani bila kusema neno. Ninavyoandika hivi nasikia kulia kushoto kulia kulia huko chumbani, anakosea, anarudia. Jumamosi tunapanda Coaster kwenda Usa. Swali moja: stiki zake ni nene kama mwiko wa ugali, ni sawa?

Fundi_Stiki
Hapana mama, zitamchosha kifundo cha mkono. Mtafutie zilizoandikwa 7A. Wengi dukani watakupa 5A, ambazo ni nene zaidi. Ziviringishe juu ya kaunta kwanza, inayoyumba iache.