Naomba ushauri: video ya nguva Chemka, tope na mkia unaoelea

Habari zenu wakuu. Nina mkia wa nguva wa kuvaa, wa neoprini (mpira mwepesi wa suti za kuzamia), miguu yote miwili inaingia kwenye pezi moja. Baharini nimeshauzoea. Jumamosi tulikwenda chemchemi ya Kikuletwa, pale wengi tunapoita Chemka, maana maji yake ni maangavu mpaka unaona mizizi ya miti chini.

Nikipiga mkia mara mbili tu, tope linatimka na video inakuwa kama chai ya maziwa. Nikiogelea juujuu, mkia unaelea na kichwa kinazama. Nilijaribu mkanda wa kuzamia wenye vipande vya risasi (ile metali nzito) vya kilo 2 kiunoni. Baharini unanitosha, ila maji baridi (ingawa ya Chemka ni ya uvuguvugu!) hayamfanyi mtu aelee kama ya chumvi, nikashuka kama jiwe. Mdogo wangu aliacha kamera akaja kunivuta.

Najua Weeki Wachee, bustani ya maonyesho ya nguva chini ya maji kule Florida, Marekani, waogeleaji wao wa nguva wapo tangu 1947, lakini wale hupumulia mipira ya hewa. Mimi ni pumzi yangu tu.

Sasa wataalamu: nipunguze risasi hadi kilo ngapi, na nizifunge kiunoni au karibu na vifundo? Na mpiga picha akae upande gani ili tope lisimfikie? Tunarudi mwisho wa mwezi.