Dar na Ujerumani: nyumba, bili, jikoni na watu vinatofautiana wapi hasa?

Binti Kitunda

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Naomba tulinganishe maisha ya Tanzania na Ujerumani kwa mtu wa kipato cha kawaida: anatoka kwenye chumba na sebule ya kupanga Dar, anakwenda kuanza mafunzo ya uuguzi ya miaka 3, yale wanayoyaita Ausbildung. Hospitali za umma zinalipa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi mwaka wa kwanza, na ukizigeuza kuwa shilingi zinaonekana nyingi. Nataka kujua zinakwenda wapi. Nyumba inapatikanaje, bili zinalipwaje, jikoni kukoje, na watu wanaishije na jirani, mgonjwa na msiba? Nyuzi nyingi huishia kwenye "kule baridi, kule wanajali muda". Mwenye kujua kwa undani naomba ashushe nondo.

Mpangaji wa Leipzig

Dada, anza na hili maana ndilo linalowaumiza wengi. Dar unalipa kwanza ndipo unatumia: kodi ya miezi 3, 6 au 12 kwa mkupuo, umeme wa LUKU, mtungi wa gesi. Uniti zikiisha taa zinazima na unajua umefika mwisho. Ujerumani unatumia kwanza. Kila mwezi unalipa kiasi cha makadirio, hesabu kamili inakuja kwa barua mara moja kwa mwaka. Hakuna taa inayozima kukuonya. Ukioga maji ya moto nusu saa na kuacha hita wazi usiku kucha, deni linajikusanya kimyakimya, na barua inaweza kudai mamia ya euro kwa pamoja. Soma mita mwenyewe kila mwisho wa mwezi uandike kwenye daftari. Umeme wa nyumbani ni takribani senti 35 hadi 40 za euro kwa uniti.

Kwenye tangazo la nyumba utaona bei mbili. Kaltmiete ni kodi ya kuta tupu. Warmmiete inaongeza maji, taka, usafi wa ngazi na mara nyingi joto la hita. Umeme na intaneti kwa kawaida havimo. Linganisha Warmmiete na Warmmiete, usidanganywe na bei ndogo. Dhamana haitakiwi kuzidi Kaltmiete ya miezi 3, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu 3. Hiyo si kodi ya mbele kama yetu. Ni amana ya mpangaji, inarudi ukitoka kama huna deni wala uharibifu.

Dalali ndiyo tofauti kubwa. Dar mpangaji ndiye anayemlipa, kwa kawaida kodi ya mwezi 1. Kule tangu Juni 2015 aliyemwagiza dalali ndiye anayemlipa, na karibu mara zote ni mwenye nyumba. Na mtu akikuambia "niko nje ya nchi, tuma dhamana, funguo zitakuja kwa posta", huyo ni tapeli. Usilipe kitu kabla wewe au mtu wako hajaiona nyumba na mkataba haujasainiwa.

Halafu nyumba tupu ni tupu kweli. Nyingi hazina jiko, sinki wala kabati, na darini zinaning'inia nyaya tu. Ndiyo maana kwa anayeanza ni heri hosteli ya hospitali au chumba kwenye nyumba ya kuchangia, inaitwa WG. Chumba hicho mara nyingi ni euro 350 hadi 600, Munich huzidi. Siku ya kupewa funguo piga picha kila ukuta na kila mita, na namba za mita ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano. Bila hiyo, mkwaruzo wa mpangaji aliyepita unaweza kukatwa kwenye dhamana yako.

Kutoka pia kuna utaratibu: notisi ya miezi 3, ya karatasi yenye sahihi ya mkono. WhatsApp na barua pepe havihesabiki. Ikifika baada ya siku ya 3 ya kazi ya mwezi, mwezi huo hauhesabiwi, unalipa mmoja zaidi.

Mzee wa Mita

Naongezea makaratasi. Dar ukitaka kutambulika unakwenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa inakuandikia barua. Ujerumani hakuna mjumbe, ila kujisajili mahali unapoishi ni lazima, ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia. Unapeleka pasipoti na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa upangaji peke yake hautoshi, na hapo ndipo wengi hurudishwa. Kwenye miji mikubwa nafasi za miadi huwa chache, anza kuitafuta kabla hujapanda ndege.

Baada ya usajili, namba ya mlipakodi inakuja kwa posta. Bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku ileile ya kuhamia, hata kwa karatasi na selotepu. Mtu wa posta anaangalia jina, si namba ya chumba. Mwajiri akikosa namba hiyo anaweza kukukata kwa daraja la kodi la VI, ambalo ndilo zito kuliko yote. Fedha hurudi baadaye, lakini mwezi wa kwanza ndio unaohitaji kila senti.

Kwenye fomu ya kujisajili kuna swali la dini. Mlutheri wa KKKT akiandika "evangelisch", au Mkatoliki akiandika dhehebu lake, anaingia kwenye kodi ya kanisa: asilimia 8 kwa Bavaria na Baden-Württemberg, 9 kwingineko. Watu humu huwa wanasema ni asilimia 9 ya mshahara. Sivyo. Ni asilimia ya kodi ya mapato, kwa hiyo posho ya mwanafunzi ambayo haifikii kukatwa kodi ya mapato haikatwi na ya kanisa. Utaiona ukishaajiriwa. Mwislamu na Mpentekoste hawakatwi. Jibu ukweli wako, ila jua unachosaini.

Makato halisi ya mwanafunzi ni bima za lazima: afya, pensheni, ukosefu wa kazi na matunzo ya uzeeni. Kadiria moja ya tano ya posho. Mkononi hubaki takribani euro 1,050 hadi 1,150. Toa chumba, toa tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima (Deutschlandticket, euro 63 tangu Januari 2026), toa ada ya redio na televisheni euro 18.36, ambayo ni kwa nyumba na si kwa mtu, hata kama hamna runinga. Tiketi hiyo ni ya kujiunga: usipoifuta kufikia tarehe 10 ya mwezi, unalipa na unaofuata. Na haipandishi treni za kasi za ICE. Konda hayupo mlangoni, lakini mkaguzi akikukuta huna tiketi ni euro 60.

Sasa hita, maana Dar hatuna mazoea nayo. Swichi ya kuzungusha ina namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20. Kuweka 5 hakuharakishi joto hata kidogo, kunaiambia hita isisimame mapema. Adui mkubwa ni ukungu mweusi wa ukutani. Unatokana na mvuke: maharage yaliyochemka saa 2, nguo zilizoanikwa ndani, pumzi za watu waliolala. Mvuke ukigusa ukuta wa nje ulio baridi unageuka maji. Dawa ni kufungua madirisha yote wazi kabisa dakika 5 hadi 10, mara 3 kwa siku, hita ikiwa imefungwa. Kulilaza dirisha nusu wazi kutwa ndiko kunakoharibu: ukuta unapoa, hewa haibadiliki vizuri, hela inatoka nje. Kabati liache nafasi ya vidole vinne kutoka ukuta wa nje.

Mama Zawadi

Jikoni hapajaguswa. Umeme ni uleule wa volti 230, kwa hiyo pasi yako itafanya kazi; kinachobadilika ni plagi. Zetu ni za pini tatu, zao pini mbili za duara. Chukua adapta 2 na ekstensheni yako ya nyumbani, inatosha.

Usibebe sufuria za aluminiamu. Majiko mengi mapya ni ya induksheni, yanapasha chuma kinachonaswa na sumaku tu. Aluminiamu haipati joto kabisa. Kwenye jiko la kioo la kawaida sufuria itapasha, lakini kitako chake kikiwa kimebonyea joto halishiki, na ukiiburuza inaacha alama zinazogoma kutoka. Ugali usiusonge kwa kuikandamiza sufuria juu ya kioo. Ishushe, iweke juu ya kitambaa kizito sakafuni au mezani, songa, irudishe.

Unga wa mahindi wa madukani mwao (Maisgrieß) ni wa njano na wa chengachenga, unatoa uji mzito usioshikana. Sembe nyeupe, kisamvu cha kugandishwa na mawese vipo kwenye maduka ya Waafrika. Nunua Jumamosi, kwa sababu Jumapili maduka karibu yote yamefungwa kisheria.

Taka zina adabu zake: vifungashio pipa la njano, karatasi la bluu, maganda ya chakula la kahawia, mengine jeusi. Rangi hubadilika kidogo kwa mji, soma mfuniko. Chupa za plastiki na makopo yenye alama ya amana yana senti 25 kila kimoja, unazirudisha kwenye mashine ya dukani. Usizikunje, mashine inasoma alama ya pembeni.

Nesi wa Zamu

Upande wa watu na kazi. Muhimbili, Bugando au hospitali ya wilaya, ndugu ndiye anayeleta chakula, anayemgeuza mgonjwa na kumwosha. Ujerumani kazi hiyo ni ya muuguzi, kila asubuhi, na ni sehemu kubwa ya mafunzo. Anayekwenda akidhani atakuwa anachoma sindano tu anavunjika moyo wiki ya pili. Kumwosha mzee wa umri wa babu yako kunahitaji kujiandaa nafsi, kwa sababu kwetu ni jambo la heshima lenye mipaka ya jinsia na undugu.

Hakuna shikamoo. Heshima inakaa kwenye neno "Sie", yaani "wewe" ya heshima, na jina la ukoo: Frau Fulani, Herr Fulani. Usimwite mgonjwa bibi au babu hata kwa mapenzi, wengi wanaona umewadogosha. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa, adabu kwetu, kule kunasomeka kama unaficha kitu. La hatari zaidi ni "ndiyo" ya heshima. Mkubwa akieleza, sisi huitikia hata kama hatujaelewa. Kwenye dozi ya dawa hiyo inaweza kuua. Rudia kwa sauti jina la dawa, kiasi na saa, kila mara. Hakuna atakayekuona mjinga.

Ukiugua wewe, piga simu kazini kabla zamu haijaanza. Kwa kawaida ukizidisha siku 3 unahitaji cheti cha daktari, na mwajiri ana haki ya kukidai mapema. Duka la dawa halitakuuzia antibayotiki bila karatasi ya dawa ya daktari. Usiku usipokuwa mahututi piga 116117, dharura ni 112.

Msiba niuseme taratibu. Ruhusa ya msiba kwenye mikataba mingi ni siku 1 au 2 tu, kwa mzazi, mwenzi au mtoto. Mama mdogo aliyekulea, kwao ni shangazi tu na hahesabiki. Kusafiri kuzika kunatoka kwenye likizo ya mwaka, ambayo kisheria ni siku zisizopungua 20 kwa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki. Usiimalize yote mapema, bakiza siku chache kila mwaka. Na jirani akifiwa, usiende nyumbani kukaa naye kama kwetu. Peleka kadi yenye maneno machache ya mkono. Mazishi yenyewe yanaweza kuwa wiki kadhaa baadaye, na nyumbani haendi mtu bila kuitwa.

Binti Kitunda

Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Moja la mwisho: saa zao zinasomwaje? Nasikia watu wanachelewa hata wakiwa wamejiandaa.

Nesi wa Zamu

Swali zuri. Sisi tunahesabu toka macheo, 8:00 asubuhi ni saa mbili. Hapo unazoea kuondoa 6. Mtego ni "halb acht". Neno lenyewe ni "nusu nane", lakini maana yake nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, saa moja na nusu yetu. Anayesikia nane akapata saa mbili, kisha akaongeza nusu, anafika saa mbili na nusu, na amechelewa saa nzima. "Viertel acht" kwa watu wa Leipzig na mashariki ni 7:15, si 8:15. Ratiba ya zamu huandikwa kwa saa 24, hiyo haina shida. Shida ni ya kuambiwa kwa mdomo, kwa hiyo andika tarakimu papo hapo, 7:30, umwonyeshe aliyekuambia.